Maskara hii bado nzima? Namna ya kukagua vipodozi vyako na kujua cha kutupa

Msimu wa harusi ukianza hapa Tanga, simu yangu hujaa picha. Fondesheni imepigwa picha chini ya taa ya chumbani, lipstiki imetoa jasho, poda ina doa katikati, na chini yake swali lile lile: "Dada, hii bado nzima?" Huu ni mwaka wa kumi na moja napamba maharusi, Ngamiani na Chumbageni zaidi, mara moja moja naitwa Muheza au Pangani, na kila nikiulizwa hivyo narudisha swali: uliifungua lini? Hapo kimya.

Basi nimeandika yote mahali pamoja. Si lazima uwe mpambaji ili yakufae. Hata kaka mwenye roloni moja na wembe mmoja bafuni, hatua ya nane ni yake.

Jambo moja kabla hatujaanza. Wengi hutupa visivyo na neno, wakang'ang'ania vinavyoumiza. Poda kavu ya mwaka mmoja na nusu inatupwa kwa kuwa "imezeeka", maskara ya mwaka jana inabaki kwa kuwa ilinunuliwa ghali. Mimi poda ningekuachia, maskara ningekunyang'anya. Sababu ni maji. Vijidudu hupenda maji, joto na giza, na maskara ina vyote vitatu, halafu kila asubuhi unairudishia kijiti kilichotoka kugusa kope. Poda kavu haina maji. Nadharia inaishia hapo.

Andaa hivi kwanza

- Nusu saa ya mchana na nafasi karibu na dirisha. Usifanye kazi hii usiku. Taa ya njano hudanganya rangi.
- Maka pen isiyofutika, na tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi.
- Tishu nyeupe.
- Spirit ya asilimia 70 kutoka duka la dawa.
- Simu yenye kamera. Maandishi ya chini ya kopo ni madogo kuliko chawa. Yapige picha uyakuze.
- Mfuko wa taka, na boksi moja uliandike MASHAKA.

Nawa mikono, ikauke kabisa, ndipo uanze.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Tandika kanga kuukuu kitandani umwage vyote. Usiishie kwenye mkoba wa vipodozi. Pita bafuni, meza ya kioo, pochi ya harusini uliyoitundika tangu mwaka juzi, na droo ya chini ambako huwa kuna losheni tatu zilizobaki robo robo.

Vipange kwa mahali vinapogusa: macho, mdomo, uso, nywele, mwili, kisha vifaa. Ukivipanga kwa rangi au kwa bei utaanza kuvionea huruma.

Hatua ya 2: Soma kifungashio

Wanaoanza huchanganya alama tatu.

Ya kwanza ni EXP, yaani tarehe ya mwisho. Ikipita, kitu hakitumiki hata kama hukukifungua.

Ya pili ni picha ya kikopo ambacho kifuniko chake kimefunguka, ndani yake 6M, 12M au 24M. Hiyo M ni miezi, na inahesabiwa tangu siku uliyofungua. Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba ni mili za ujazo. Siyo. Kwa mfano, krimu ya 6M uliyoifungua tarehe 10 Machi mwisho wake ni 10 Septemba, hata kama EXP yake inasema miaka miwili mbele. Tarehe inayotangulia kufika ndiyo unayoifuata.

Ya tatu ni LOT au Batch. Hiyo ni namba ya toleo la kiwandani. Ina tarakimu nyingi zinazofanana na tarehe, lakini usiisome kama tarehe.

Angalia pia mpangilio wa namba. Bidhaa za Marekani huanza na mwezi, kwa hiyo 03/08 kwao ni tarehe 8 Machi, kwetu ni 3 Agosti. Ukishindwa kujua imetoka wapi, chukua ile ya karibu zaidi.

"Dada, yangu haina EXP, ni feki?" Si lazima. Ulaya, kipodozi kinachodumu zaidi ya miezi 30 hakilazimiki kuandikwa tarehe ya mwisho. Huwekwa kile kikopo. Marekani sheria haidai tarehe kwenye vipodozi vya kawaida. Feki ina dalili nyingine: maandishi yenye makosa, kifuniko kisichokaa sawa, tarehe iliyobandikwa kwa stika juu ya tarehe nyingine. Hiyo ya stika ifunue kwa kucha hapo hapo dukani, kabla hujatoa hela. Mwenye duka akinuna, mwache anune.

Na kama mkononi una krimu ya kung'arisha ngozi yenye zebaki au haidrokwinoni, usiihangaikie tarehe. Hizo ni marufuku nchini, ziwe mpya au kuukuu. Mfuko wa taka. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango; kabla ya hapo ilikuwa kazi ya TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Bado nakutana na watu wanaotafuta jina la TFDA kwenye makopo mapya.

Hatua ya 3: Andika siku uliyofungua

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kata kipande cha tepu, kibandike chini ya kopo, andika "Nimefungua" na tarehe. Pembeni yake andika na mwezi wa kutupa, usije ukaanza kupiga hesabu ukiwa na haraka. Tepu usiibandike kwenye kifuniko: vifuniko huhama, hasa mkijipamba watatu kioo kimoja.

Kwa vile ulivyokwisha kufungua, kumbuka kwa matukio. Ulikivaa Idi ipi? Kilikuwepo kwenye harusi ya wifi yako? Tafuta picha za siku hiyo kwenye simu, zina tarehe. Ukishindwa kabisa, kitu cha ngozi au nywele kiingie MASHAKA, cha macho kiingie taka moja kwa moja.

Hatua ya 4: Pua, jicho, kidole

Funga mdomo, nusa. Unatafuta harufu ya mafuta yaliyochacha, kama ya mafuta ya maandazi yaliyorudiwa mara nyingi. Lipstiki na losheni zenye mafuta huanza hivyo kabla ya kubadilika rangi.

Kisha tazama. Fondesheni iliyogeuka kuwa ya chungwa, seramu ya vitamini C iliyoanza kama maji na sasa ina rangi ya chai, vidoa vya kuvu, kopo la plastiki lililovimba: vyote taka.

Mwisho paka kidogo kwenye tishu. Kama mafuta yanakimbilia pembeni na katikati pamebaki chengachenga, tikisa chupa dakika nzima ujaribu tena. Fondesheni nyingi hujitenga zikikaa, na zikitikiswa hurudi. Isiporudi, imekufa.

Tahadhari: pua haioni vijidudu. Maskara inaweza kunukia vizuri tu na huku imejaa uchafu. Ndiyo maana macho yana hatua yake.

Hatua ya 5: Macho, usibembeleze

Maskara ni miezi 3. Wanja wa maji, wa kalamu au wa brashi, miezi 3 pia. Ukinibana sana nitakupa hadi 6 kwa wanja, kwa maskara sikupi. Hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaeleza kwamba watengenezaji wengi hushauri maskara itupwe kati ya miezi 2 na 4.

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipamba harusi ya Makorora kwa maskara iliyokuwa mkobani muda ambao nisingeweza kuutaja hata kwa kubahatisha. Siku ya tatu mama wa bi harusi alinipigia: mwanawe ana chokea, jicho limefumba, na wageni wa upande wa mume bado wanakuja kumtazama. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa maskara yangu. Siwezi kuapa pia kwamba haikuwa. Tangu siku hiyo nanunua vijiti vya kutupa vya pakiti, mtu mmoja kijiti kimoja, na kijiti kilichogusa kope hakirudi kwenye chupa.

Makosa ninayoyaona kila wiki:

- Kuongeza maji, mate au matone ya mafuta maskara ikikauka. Unazidi kuvilisha vijidudu vile vile. Ikikauka, imekwisha.
- Kupampu kijiti juu chini. Unaingiza hewa, inakauka haraka. Zungusha tu.
- Kuazimana. Dada kwa dada, mama kwa binti, hata kama mnalala kitanda kimoja, wanja wa maji na maskara haviazimwi.
- Kuendelea kutumia vile vile baada ya kuugua macho. Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na kwingineko, nilitupa maskara mbili za wateja mbele yao. Kila kilichogusa jicho wakati wa ugonjwa kinatupwa, na brashi yake inaoshwa au nayo inakwenda.

Wanja wa penseli una nafuu: ukichongwa, ncha mpya inajitokeza. Chonga kila unapotumia, futa kichongeo kwa spirit, utafika nao mwaka au zaidi. Gundi ya kope za bandia nusu mwaka; ikianza kuvutika kama uzi wa ulimbo, usingoje hata huo. Aishedo za poda zinaweza kukaa hadi miaka 2, za krimu usizidishe mwaka.

Wanja wa manga wa unga ni habari nyingine. Baadhi umekutwa na madini ya risasi, na hilo halitokani na kuchakaa. Usimpake mtoto, hata bibi akisisitiza.

Hatua ya 6: Mdomo, uso, nywele na mwili

Hapa twende haraka. Lipstiki mwaka 1 hadi 2, lipshaini mwaka usizidi kwa sababu ile brashi yake inaingia na kutoka kama ya maskara. Fondesheni ya maji na konsila mwaka, na za kopo la kuchovya kwa kidole miezi 6. Chota kwa kijiko kidogo na utaziongezea maisha. Poda ya uso hadi miaka 2. Shampuu na losheni mwaka au kidogo zaidi, za pampu hudumu kuliko za kopo pana. Roloni mwaka. Mafuta mazito ya mgando hayana maji, yanavumilia sana; adui wake ni kidole chenye maji ya kuoga. Manukato ya spirit miaka 3 hadi 5, lakini yale ya kupima, ya kichupa kilichojazwa mbele yako, yaandike tarehe ya siku ya kujazwa kwa sababu hakuna anayejua ya pipa.

Dawa ya kulainisha nywele ya kuchanganya, ile yenye pakiti mbili, ikichanganywa itumike siku hiyo hiyo. Rangi ya nywele iliyochanganywa usiifungie chupani "kwa ajili ya wiki ijayo". Inatoa gesi, na chupa inaweza kupasuka.

Mafuta ya kukinga jua nayatenga na wenzake. Losheni ikichoka unaiona. Haya yakichoka hayakuambii, unajua jua limekuchoma ufukweni Raskazone na ulikuwa umepaka. Fuata EXP bila mjadala. Kama hayana tarehe, hesabu miaka 3 tangu kununua, ambayo ndiyo muda FDA inaodai yadumu na nguvu yake. Yaliyoshinda ndani ya gari juani hayastahili hata muda huo.

Hatua ya 7: Singo, liwa, hina na piko

Vitu vyetu havina kikopo wala EXP, na watu hudhani "cha asili hakiharibiki". Cha asili ndicho kinachoharibika mbio, kwa kuwa hakina dawa ya kuzuia kuoza.

Singo kavu iliyosagwa, ule unga wa kunukia wa kumsugulia bi harusi, ikiwa chupani na chupa imekauka, hukaa miezi. Ikianza kunukia vumbi badala ya waridi, haitakudhuru ila haina kazi. Mfanyie singo mtu usiyempenda. Ukishaitia marashi ya waridi au maji, ni ya siku hiyo. Iliyobaki kwenye bakuli la bi harusi usiifunike ukamrudia nayo kesho, na somo yeyote, yule kungwi wa bi harusi, aliyefunzwa vizuri atakwambia hivyo hivyo. Liwa ni vile vile: kipande cha mti kinadumu miaka, kilichosagwa na maji ni cha leo.

Unga wa hina mzuri una rangi ya majani na harufu ya majani makavu. Ukiwa wa kahawia na haunuki kitu, umepitwa, utakupa rangi ya chungwa iliyofifia. Ukishaukoroga na ndimu na kuacha usiku kucha, nguvu yake ni siku moja au mbili kwenye joto letu. Friza huuhifadhi kwa miezi. Toa koni moja, iache iyeyuke, usiirudishe.

Piko nyeusi ya unga, ile ya kuchorea maua mwilini, ina kemikali iitwayo PPD, ambayo inaweza kuunguza na kuacha kovu, ikiwa mpya au kuukuu. Wanaoipaka hata hivyo wajue hili: iliyochanganywa jana haipakwi leo.

Hatua ya 8: Vifaa

Sponji ya fondesheni: ioshe kila unapotumia, ikauke hewani, usiifungie mbichi mkobani. Kila miezi 3 mpya. Ikatwe katikati siku moja uone rangi ya ndani, hutanibishia tena. Brashi zioshwe kila wiki kwa shampuu, zilazwe zikauke, zisisimamishwe zikiwa na maji kwa sababu gundi inalegea na nywele zinatoka. Brashi haina tarehe. Inatupwa ikianza kumwaga nywele au kunuka hata baada ya kuoshwa.

Mswaki miezi 3 hadi 4, au mapema meno yake yakilala. Wembe wa kutupa mara 5 hadi 7, na kaka zangu, wembe mmoja kwa kidevu na kwapa si uchumi. Dodoki la asili wiki 3 hadi 4, la plastiki miezi 2. La asili linaota kwenye ua wa jirani, sioni sababu ya mtu kukaa nalo mwaka.

Hatua ya 9: Tupa vizuri, hifadhi vizuri

Usiitupe chupa ya fondesheni au manukato ikiwa nzima na lebo yake. Chupa nzuri huokotwa, hujazwa, huuzwa. Chana lebo, vunja pampu. Kilichomo kikamulie kwenye gazeti.

Vilivyobaki viweke chumbani penye kivuli. Bafuni kuna mvuke, dirishani kuna jua, na gari wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ni oveni. Ukiagiza mzigo kutoka Dar, mwombe mtumaji autume kwa basi la usiku. Njia ni kilomita kama 350, na buti la basi la mchana hadi stendi ya Kange linapika. Mzigo ukifika, usiufungue ukiwa wa moto. Uache upoe, ndipo ukague.

Ikitokea hivi

*Poda imekuwa ngumu juu, inang'aa, haichoteki.* Haijaharibika. Ni mafuta ya uso yaliyohamia pale kupitia sponji. Bandika selotepu, ivute, ganda litatoka nayo. Kisha badilisha sponji.

*Penseli ya wanja ina unga mweupe.* Futa kwa tishu. Ukitoka wote na usirudi, ni nta iliyopanda juu. Ukirudi, una manyoya au unanuka, ni kuvu.

*Lipstiki imetoa matone.* Joto limevuta mafuta juu. Yafute, iweke penye ubaridi usiku mmoja. Ikinukia sawa na kupakika sawa, tumia. Ikinuka uchachu, iache.

*Poda imevunjika.* Isage, mwagia matone ya spirit, ikandamize kwa tishu, iache wazi hadi kesho. Lakini spirit haiirudishii ujana iliyopita muda wake, na haitumiki namna hii kwenye krimu au maskara.

*Nimenunua juzi tu na inanuka.* Irudishe na risiti. Hapa Ngamiani nimewahi kurudisha losheni kwenye duka moja nikaambiwa "ndiyo harufu yake mpya". Nilimwomba apake mkono wake. Hela ilirudi.

*Boksi la MASHAKA halijaisha.* Jaribu kila kimoja nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, subiri siku nzima. Ambacho hukukigusa ndani ya mwezi mzima hukihitaji.

*Nimeshapaka, uso unawaka.* Osha kwa maji mengi ya baridi na sabuni laini, usiongeze kitu kingine juu, hata mshubiri. Jicho likiuma, likiona ukungu, au uso na midomo ikivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na chukua chupa yenyewe. Daktari atataka kusoma kilichomo. Kama umeshaitupa, rudi uiokote.